Mgeni Aliyeliwa na Mbuzi Katika Nchi ya Semekana

Mpenda habari za safari na asogee. Asiyezipenda naye akae tu, maana hii si ndefu, na mwenye kisa alikuwa mtu wa kuaminika: alisema machache, na hayo machache aliyasema kwa sauti kubwa.

Jina lake Sikudhani binti Makungu, msukaji wa mikeka, mwanamke wa makamo. Alikuwa akimpelekea binti wa kaka yake mkeka wa harusi, mkeka wa miezi minne, wenye nakshi nyekundu na zambarau. Njiani akapotea. Alipoteaje hakupata kueleza sawasawa. Kila akiulizwa husema, "Nilikata kulia," nasi tusimsumbue. Alikata kulia, akajikuta yuko Semekana.

Aliingia mvua ikinyesha manyunyu, yale ya kulowesha bega tu. Mbele yake palikuwa na mji mmoja uliopasuliwa katikati na mtaro mwembamba, ambao kuku angeuvuka bila kukunjua bawa. Upande wa kulia uliitwa Juu na wa kushoto uliitwa Chini, ingawa ardhi yote ilikuwa tambarare kama sinia. Kila upande ulikuwa na mnara wake.

Watu wa Juu walikuwa wakitembea kwenye manyunyu vichwa wazi, maji yakiwatiririka puani. Sikudhani akamsalimu mmoja wao, akasema, "Mvua hii, ndugu yangu."

"Mvua gani?" yule akajibu, akijipangusa uso. "Huu ni umande. Umetangazwa asubuhi."

Ng'ambo ya mtaro, watu wa Chini walikuwa wamepanda juu ya mapaa pamoja na magodoro, sufuria na kuku wao. Mama mmoja akamwita Sikudhani kwa uchungu: "Panda, dada, panda! Gharika hii! Utakokotwa na maji!"

Sikudhani akatazama miguu yake. Maji hayakuwa yamefika hata kwenye kisigino. Akagundua jambo jingine pia: watu wa Juu wote walikuwa wamejaza pamba sikio la kushoto, na wa Chini sikio la kulia, ili lile sikio lililoelekea mnara wa wenzao lisipenywe na neno.

Akasema moyoni, "Nitapita upesi." Na pengine angepita, kama si mbuzi.

Katikati ya mji, nyumba moja ilikuwa imejengwa juu ya mtaro wenyewe, nusu Juu nusu Chini. Mlangoni alifungwa mbuzi jike mweupe mwenye kidevu cha heshima. Sikudhani aliweka mkeka wake chini apumue, na mbuzi akaanza kuula kuanzia kwenye pindo. Sikudhani akashika ncha moja, mbuzi akashika nyingine. Huyu akavuta, na yule akavuta. Ukili ukakatika, na wote wawili wakaanguka matako chini, mmoja huku na mmoja huko. Mbuzi akapiga chafya, na kisa kikaisha.

Watu wapatao themanini walikuwa wakitazama, arobaini kila upande. Hakuna aliyecheka, wala aliyesema pole. Wote waligeuza nyuso kwenye minara yao, wakangoja kuambiwa wameona nini.

Baragumu la Juu likalia kwanza. "Habari ya sasa hivi!" ikasema sauti. "Mbuzi wa Chini amemla mgeni! Amemla mzima mzima, na viatu vyake!"

Wanawake wa Juu wakashika vichwa, wakaangua kilio.

Halafu likalia baragumu la Chini. "Habari ya sasa hivi! Jitu la kike kutoka upande wa Juu, urefu wake dhiraa saba, limemnyonga mbuzi wetu mpendwa! Marehemu ameacha ndama wawili!"

"Mbuzi hana ndama," Sikudhani akasema akijikung'uta matope. "Na mimi niko hapa."

Hapana aliyemsikiliza. Wa Juu walimpita wakilia, wa Chini walimpita wakimtafuta.

Mwenye mbuzi alikuwa Bi Kidawa, muuza chai ya maziwa, na aliishi katika nyumba ile na mumewe, Bwana Faki. Mke alizaliwa Chini, mume alizaliwa Juu. Walikuwa wamegawana nyumba vizuri: jiko lilikuwa Chini, kitanda kilikuwa Juu, na meza ilikuwa katikati, kila mmoja akikaa upande wake na pamba yake.

Bwana Faki, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkaribisha Sikudhani ndani kwa macho mekundu. "Pole sana, shemeji," akamwambia. "Pole kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa mgeni aliyeliwa. Tumemwekea matanga hapa ukumbini. Karibu ukae na wafiwa."

"Bwana Faki, mgeni mwenyewe si mimi?"

Mzee akamtazama kwa huruma. "Msiba huchanganya akili," akasema, akamsogezea sahani ya wali.

Basi Sikudhani akakaa kwenye matanga yake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa na njaa, akala. Watu wa Juu waliingia mmoja mmoja wakamsifu marehemu. Walisema alikuwa mpole, mwembamba, mwenye watoto tisa. Bibi mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyomwachia wosia dakika ile ile anamezwa. Sikudhani, ambaye hakuwa mwembamba wala hakuwa na mtoto, alijikuta anatokwa na chozi, maana mtu yule alionekana kweli kuwa mtu mwema.

Alipokwenda jikoni kunawa, yaani Chini, alimkuta Bi Kidawa amesimama mbele ya chungu cha maziwa.

"Haya maziwa ya mbuzi gani?" Sikudhani akamuuliza.

"Ya marehemu," Bi Kidawa akajibu. Akatazama mlangoni, akachungulia dirishani, kisha akachomoa pamba sikioni. "Faki ndiye aliyemkamua leo. Anamwogopa, maana mnara wake umesema anakula watu, kwa hiyo anamkamua akiwa amefumba macho. Na mimi nachemsha maziwa ya mbuzi aliyekwisha kunyongwa. Miaka thelathini tunaishi hivi, shoga yangu."

"Kumbe mnaona?"

"Macho tunayo. Tatizo tuna majirani pia." Sauti yake ikashuka. "Lakini safari hii imenifika shingoni. Kesho kutwa asubuhi watu wa Juu wanakuja kumchinja mbuzi wangu kwa kosa la kumla mtu. Na watu wa Chini wanakuja saa ile ile kumzika, kwa kuwa amekufa. Ama atachinjwa, ama atazikwa mzima mzima. Yule ndiye chai yangu, ndiye kodi, ndiye kila kitu. Ukiondoka wewe, nani atasema alikula mkeka tu?"

Sikudhani hakutaka kukaa Semekana hata siku moja. Harusi ilikuwa inakaribia na mkeka ulikuwa umeliwa pindo. Lakini akamwona yule mwanamke anavyokoroga maziwa yasiyohitaji kukorogwa, akaahidi kujaribu.

Kesho yake alianza kwa Msajili wa Mambo Yaliyotokea, Bwana Shaali, mtu mwembamba aliyekaa kwenye kibanda langoni mwa mji, ndiye aliyeruhusu watu kutoka.

"Nataka kuandikisha kuwa niko hai," Sikudhani akasema.

Bwana Shaali akafunua kitabu. "Kwa mujibu wa Juu, umekufa. Maiti haitoki langoni kwa miguu yake, ni ukosefu wa adabu. Kwa mujibu wa Chini, wewe ni jitu lililonyonga mbuzi. Mhalifu hatoki pia."

"Lakini bwana, si unaniona?"

"Nakuona, bibie. Nakuona vizuri sana, una hata punje ya wali shavuni. Ila sheria yetu ya kwanza inasema: jicho ni shahidi asiyeapishwa. Lisilotangazwa halikutokea, na lililotangazwa limetokea hata kama halijatokea."

"Na minara miwili ikitangaza tofauti?"

"Yanakuwa yametokea yote mawili. Ndiyo maana nchi yetu ina historia ndefu kuliko zote." Akafunga kitabu kwa fahari. "Wewe una urefu gani?"

"Mita moja na nusu na kidogo."

"Ajabu," akasema Msajili. "Kwa mtu wa dhiraa saba umejitunza vizuri."

Sikudhani akaona hapa hapana dawa. Akaamua kwenda kwenye chanzo chenyewe. Akapanda mnara wa Juu, ngazi mia mbili na kumi, akipumzika kila baada ya ishirini, mpaka akamkuta Bwana Msellem, mpiga baragumu. Alikuwa mtu mnene mwenye mashavu ya kupuliza, amevaa joho jeupe lililotiwa wanga wa muhogo hata likasimama lenyewe kama mlango.

Chumba kilikuwa na dirisha moja tu. Sikudhani akachungulia ili auone mji. Hakuuona. Dirisha lilitazama mnara wa Chini, na katika dirisha la mnara wa Chini alionekana mtu mwingine mwenye joho, anatazama huku.

"Bwana Msellem, mji unauona wapi?"

"Niuone wa nini?" akasema kwa mshangao wa kweli. "Mimi namtazama Pandu yule. Akivuta pumzi ya kusema jua, mimi nasema mvua. Asipowahi yeye, nawahi mimi, naye anajua la kujibu."

"Na mbuzi je? Ulimwona?"

"Nilisikia kelele. Kelele ikitoka mtaroni, kosa ni la Chini. Hilo halihitaji kuonwa." Akamkaribisha kiti. Hakuwa mtu mbaya. "Sikiliza, mama. Watu wangu walimwogopa mbuzi wa Chini kabla mimi sijazaliwa. Siwapi hofu mpya. Nawapelekea ile ile yao, ikiwa ya moto. Nikiwapelekea baridi, wanaacha kunisikiliza. Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeliwa."

Bwana Msellem akasimama, akavua kofia. "Lo! Uliumia sana?"

Sikudhani akashusha pumzi. Aliona kuwa mtu huyu angeweza kuzungumza na maiti siku nzima bila kujiuliza swali. Njia ya kweli ilikuwa imeziba, basi akajaribu njia ya nchi ile. Akasema kama asemaye habari za bei ya chumvi: "Haya, mimi nimekuja kukuaga tu. Ila nimesikia kesho Bwana Pandu atashuka mwenyewe mnarani kwenda kumzika mbuzi, na watu wote watamtazama yeye."

Mashavu ya Bwana Msellem yakanywea. "Pandu ashuke? Nani kasema?"

"Inasemekana," akajibu Sikudhani.

Alikuwa hajawahi kusema uongo mkubwa namna ile, akashuka ngazi kwa aibu. Kisha akavuka mtaro, akapanda ngazi mia mbili na kumi nyingine, akamwambia Bwana Pandu, mtu mwembamba mwenye joho la wanga vile vile, kwamba Bwana Msellem atashuka mwenyewe kuongoza uchinjaji.

"Nani kasema?" akafoka Bwana Pandu.

"Inasemekana."

Shabaha yake ilikuwa nyepesi. Alidhani wakishuka wamwone mbuzi yuko hai, wamwone na yeye yuko hai, watapanda tena na kusema walichokiona. Alikuwa mtu mwema, na watu wema hudhani hivyo.

Asubuhi yake mji wote ulijaa mtaroni. Wa Juu walikuja na visu, wa Chini walikuja na majembe na jeneza dogo lililopambwa kwa maua. Mbuzi alisimama katikati akitafuna moja ya maua hayo. Bwana Faki alisimama upande wake, Bi Kidawa upande wake, na kwa mara ya kwanza tangu waoane walikuwa wameshikana mikono juu ya mtaro, mbele za watu.

Minong'ono ikapita. Bwana Msellem anakuja! Bwana Pandu anakuja! Na kweli walikuja, kila mmoja na baragumu lake kwapani, majoho yao yakikwaruzana kama vipande vya bati. Watu walirudi nyuma kwa heshima. Wengi hawakujua kuwa wapiga baragumu wana miguu.

"Huyu ndiye mla watu!" akasema Bwana Msellem, akimwonyesha mbuzi bila kumtazama.

"Huyu ndiye marehemu!" akasema Bwana Pandu.

Sikudhani akajipenyeza katikati. "Waheshimiwa, nawaombeni! Mtazameni basi. Huyu mbuzi yuko hai. Na mimi huyu hapa, sijaliwa hata kidole. Alikula pindo la mkeka, nami nikaanguka. Ni hayo tu."

Wapiga baragumu wakaangaliana wao kwa wao, kama walivyozoea. Kila mmoja alingoja mwenziwe aseme kwanza, ajue la kupinga. Wakasimama hivyo, pua kwa pua, migongo imemwelekea mbuzi.

Na mbuzi akasikia harufu ya wanga wa muhogo.

Alianza na joho la Bwana Msellem. Kitambaa kikavunjika kama kaukau, krach, krach, na mwenye joho, kwa kuwa alikuwa amemkazia macho Pandu, hakusikia kitu. Mbuzi alipomaliza nusu ya nyuma akahamia kwa Bwana Pandu. Watu mia nne walikuwa wakitazama. Hakuna aliyesema neno, maana lilikuwa halijatangazwa.

Upepo ndio uliowaambia. Bwana Msellem akajishika nyuma, Bwana Pandu akajishika nyuma. Wakageuka kwa pamoja, na hapo mji mzima ukaona kwamba mpiga baragumu wa Juu na mpiga baragumu wa Chini walikuwa wamevaa bukta za kitambaa kimoja, cha maua ya buluu, zilizoshonwa na fundi mmoja, na zote mbili zimetiwa kiraka mahali pale pale.

Watu wote wakageuza nyuso kwenye minara. Minarani hapakuwa na mtu.

Sikudhani akaona Msellem anamtazama Pandu, na Pandu anamtazama Msellem, na kwa mara ya kwanza macho yao hayakuwa yakitafuta la kupinga. Wakakimbia, mmoja huku na mmoja huko, mabaki ya majoho yakipeperuka mbele, maua ya buluu yakipanda ngazi mia mbili na kumi.

Mabaragumu yote mawili yakalia sauti moja, kwa mara ya kwanza katika historia ile ndefu.

"Habari ya sasa hivi!" wakasema wote wawili, wakihema. "Leo hapa mtaroni hakuna kilichotokea! Wala jana! Wala juzi! Tunarudia: tangu juzi hakuna kilichotokea hata kidogo!"

Bwana Shaali, Msajili, alikuwa mtu wa sheria. Alifunua kitabu chake pale pale, akatafuta ukurasa wa siku zile, akauchana vizuri kwa kutumia rula. "Mbuzi hakula mtu," akasoma kutoka mahali ambapo sasa hapakuwa na kitu. "Mbuzi hakunyongwa. Mgeni hakuliwa, hakunyonga, wala hakuja. Bibie, kwa kuwa hukuingia, sina sababu ya kukuzuia kutoka."

Bi Kidawa akamkumbatia mbuzi shingoni, akalia kwa furaha. Bwana Faki akamkunjia Sikudhani mkeka wake uliobaki, akamwomba radhi kwa pindo. Kisha akavua miwani yake yenye uzi, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Unalia, bwana?" Sikudhani akauliza.

"Maua," akasema mzee kwa shida. "Maua ya buluu."

Akapasuka kicheko. Bi Kidawa akamtazama mumewe, akajaribu kujizuia kwa kushika mdomo, akashindwa. Yule bibi wa wosia akafuatia, kisha mwenye jeneza, kisha wenye visu. Kicheko kikaruka mtaro, kikarudi, kikaruka tena. Watu walichomoa pamba masikioni ili wasikie vizuri zaidi jinsi wenzao wanavyocheka, na pamba zikaanguka mtaroni nyeupe tele. Hakuna aliyewaambia wacheke. Hakuna aliyewaambia waliona nini.

Sikudhani akaweka mkeka kichwani, akatoka langoni. Alikuwa amefika mbali njiani, na kile kicheko bado kinamfuata, aliposikia mabaragumu yote mawili yakilia kwa hasira, yakitangaza ya kwamba hakuna mtu anayecheka.